Shajara ya Mradi: Kalenda na Jarida la Habari la Kitivo cha Elimu

Shajara hii naiandika nikiwa mratibu wa mradi, kwa ajili ya wajumbe wa kamati ya kitivo na kwa yeyote atakayeurithi mradi huu kutoka mikononi mwetu. Kazi tuliyopewa na ofisi ya amidi, yaani mkuu wa kitivo, ilionekana nyepesi ilipotajwa kikaoni: kukusanya habari za kitivo pamoja na matukio yanayokuja, kuyaweka katika kalenda moja, na kutoa jarida fupi kila mwezi litakalosomwa na wahadhiri, wanachuo na walimu wa shule tunazoshirikiana nazo. Hakuna aliyeuliza ni habari zipi, wala zinamfaa nani, na maswali hayo mawili ndiyo yaliyokula muda wetu mwingi.

Wiki ya kwanza

Tulianza kwa kuyakusanya matangazo yote ya muhula uliopita, yale yaliyobandikwa ubaoni, yaliyotumwa kwa barua pepe na yaliyopita katika makundi ya simu, tukayatandaza juu ya meza moja ndefu kwa kufuata tarehe. Picha iliyojitokeza haikupendeza. Sehemu kubwa ya kile tulichokuwa tukikiita habari ilikuwa taarifa za vikao vilivyokwisha kufanyika, kila moja ikiwa na picha ya washiriki waliojipanga mbele ya bango, orodha ya viongozi waliohudhuria na sentensi ya kuwashukuru waandaaji. Nilisoma taarifa tatu za warsha za utungaji wa mitihani bila kupata hata sentensi moja inayoeleza swali zuri hutungwaje au ni kosa gani la utungaji lililojadiliwa. Msomaji aliyeikosa warsha angebaki vilevile alivyokuwa, isipokuwa angefahamu nani alivaa suti siku hiyo.

Kasoro ya pili ilikuwa ya wakati. Matangazo kadhaa ya semina yalibandikwa siku ileile ya semina, na moja lilibandikwa kesho yake, likiwa na saini na mhuri kamili. Katibu muhtasi wa idara mojawapo alitufumbulia fumbo hilo: tangazo hupita katika meza nne kabla ya kuidhinishwa, na kila meza hulishikilia siku moja au mbili, hata lifikapo ubaoni limekwisha kuwa kumbukumbu. Tumependekeza tangazo la tukio liidhinishwe na mkuu wa idara peke yake, na ofisi ya amidi ipewe nakala tu. Pendekezo limekubaliwa, ingawa meza mbili kati ya zile nne hazikufurahi.

Wiki ya pili na ya tatu

Wiki hizi mbili ndizo zilizobadili sura ya mradi. Kila ofisi ya kitivo ina kalenda yake: ofisi ya taaluma ina ratiba ya mihula na mitihani, ofisi ya mazoezi ya kufundisha ina ratiba ya kuwapeleka walimu tarajali mashuleni, ofisi ya shahada za juu ina ratiba ya utetezi wa tasnifu, na kamati ya kongamano ina tarehe zake inazozilinda kama siri. Tulizihamishia zote katika lahajedwali moja, kila ofisi na rangi yake, kisha tukaitazama.

Jambo lililoonekana mara moja, na ambalo nakiri kwamba hata mimi nilikuwa silioni kwa miaka yote niliyofundisha hapa, ni kwamba mfululizo wa semina zetu kuhusu ufundishaji ulikuwa umepangwa karibu wote katika majuma ambayo walimu tarajali wa mwaka wa tatu hawapo chuoni. Semina ya usimamizi wa darasa ilifanyika wakati wao wako mbele ya madarasa, wakihangaika na tatizo lilelile ambalo mtoa mada alikuwa akilifafanua kwa slaidi mbele ya wahadhiri kumi na viti vitupu. Sababu yake haikuwa uzembe. Wanachuo wakiondoka, vyumba huwa wazi na wahadhiri hupata nafasi, basi waandaaji huzikimbilia siku hizo. Chumba kilikuwa kikiamua nani asikie.

Kikao cha kulijadili suala hili kilikuwa kirefu. Mjumbe mmoja alisema kwamba semina za kitivo ni za wahadhiri na watafiti, na kwamba mwalimu tarajali ana kozi zake. Mwingine akamjibu kwamba kitivo cha elimu ambacho maarifa yake ya ufundishaji hayamfikii anayefundisha kesho asubuhi kimejinyima sababu ya kuwepo. Mimi nilikuwa upande wa pili, na sioni haya kuliandika hilo katika shajara ambayo ingepaswa kutoegemea upande wowote. Mwafaka uliofikiwa ni huu: semina zenye mada ya darasani zihamishiwe katika majuma matatu yanayotangulia mazoezi ya kufundisha, na zile zinazohusu mbinu za utafiti na uandishi wa makala zibaki katika kipindi cha mazoezi, kwa kuwa walengwa wake wapo.

Aidha, tumeongeza tukio jipya ambalo halikuwahi kuwa na nafasi katika kalenda yoyote, nalo ni kikao cha marejeo. Walimu tarajali wanaporudi kutoka shuleni hupewa alama zao na kuendelea na masomo kana kwamba walikwenda matembezini. Kuanzia muhula ujao, juma la kwanza la kurudi litakuwa na nusu siku ambapo kila kikundi cha somo, yaani hisabati, lugha, sayansi na sanaa za jamii, kitakaa na wahadhiri wa mbinu za kufundishia somo hilo na kuleta maandalio mawili ya somo: moja lililofanikiwa na moja lililoanguka. Wahadhiri ndio watakaokuwa wakiandika madondoo. Kipengele hicho cha mwisho kilizua kicheko kikaoni, lakini kimepitishwa.

Wiki ya nne

Tumeandika habari ya kwanza ya jarida kwa mtindo mpya, na imetuchukua juma zima.

Habari yenyewe ni ndogo: chumba cha mazoezi ya vipindi vifupi kimepata kamera mbili na kipaza sauti, baada ya kukaa muda mrefu bila kutumika. Rasimu ya kwanza iliyoletwa ilisema kwamba kitivo kimepiga hatua kubwa katika matumizi ya teknolojia, na ikawataja viongozi watano. Niliirudisha kwa mwandishi wake, mwanachuo wa mwaka wa pili mwenye kalamu nzuri, nikamwomba aende akakae chumbani humo siku mbili, kisha aandike alichokiona.

Aliporudi alikuwa na habari. Utaratibu wa chumba hicho una asili yake katika Chuo Kikuu cha Stanford, ambako mwaka 1963 Dwight Allen na wenzake walianza kuwafundisha walimu tarajali kwa vipindi vya dakika chache mbele ya kikundi kidogo, kila kipindi kikilenga stadi moja tu, kikifuatiwa na uhakiki, kisha somo lilelile kufundishwa upya kwa kikundi kingine. Mwandishi wetu alijitolea kufundisha mwenyewe, stadi ikiwa ni kuuliza maswali, halafu akaitazama rekodi yake akiwa na saa mkononi. Aligundua kwamba kila alipouliza swali alingoja kwa muda usiozidi sekunde moja, kisha akalijibu mwenyewe au akamgeukia mwanafunzi mwingine. Mhadhiri aliyekuwa akimsimamia akamweleza kwamba hilo si lake peke yake. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi na kuchapisha matokeo yake katika miaka ya 1970: walimu kwa kawaida husubiri kiasi cha sekunde moja, na wakijizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi hurefuka, wanaojitolea kujibu huongezeka, na wanaonyamaza hupungua. Kimya hicho, kwa maelezo yake, kina nafasi mbili: baada ya swali, na baada ya jibu kabla mwalimu hajalisemea neno.

Mwanachuo yule akafundisha tena. Ameandika kwamba sekunde tatu za kimya mbele ya watu zilimwia ndefu kuliko mtihani, na kwamba katika ya pili alitamani ardhi ipasuke, ila katika ya tatu msichana aliyekaa nyuma aliinua mkono. Hiyo ndiyo habari tuliyoichapisha. Kamera zimetajwa katika aya ya mwisho, na kiongozi hakutajwa hata mmoja. Mwalimu mmoja wa shule tunayoshirikiana nayo ametuandikia akiuliza iwapo anaweza kutumia saa ya simu yake kujipima, na tumemjibu kwamba ndivyo hasa inavyofaa.

Pamoja na habari hiyo tumetoa mwongozo mfupi kuhusu rekodi. Rekodi za chumbani humo ni za wanachuo wenyewe na hufutwa mwisho wa muhula. Rekodi zinazochukuliwa mashuleni, ambamo nyuso za watoto huonekana, haziruhusiwi bila ridhaa ya maandishi ya wazazi au walezi na ya uongozi wa shule, na hata ikipatikana, hazitawekwa katika jarida.

Wiki ya tano

Juma la mitihani. Kazi iliyofanyika ni kuhamisha orodha ya anwani na kufuta zilizokufa.

Wiki ya sita

Tulikaa kuchambua siku za kimataifa, kwa sababu kila idara ilikuwa imewasilisha yake na kalenda ikaelekea kuwa ya sherehe tupu. Kigezo tulichokiweka ni kwamba siku itaingia katika kalenda ikiwa tu kuna kazi ya kitivo itakayofanyika siku hiyo, na kwamba salamu za pongezi hazihesabiwi kuwa kazi.

Tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, imebaki bila ubishi. Siku hiyo huadhimishwa tangu 1994, na tarehe yake inakumbusha kupitishwa kwa Pendekezo la ILO (Shirika la Kazi Duniani) na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu, huko Paris mwaka 1966. Katika mazungumzo yetu iligundulika kwamba wengi wetu tumeipongeza siku hiyo kwa miaka mingi bila kuisoma hati yenyewe, ambayo inazungumzia maandalizi ya walimu, ajira zao, haki na wajibu wao na mazingira yao ya kazi. Mwaka huu, badala ya hotuba, wanachuo wa mwaka wa mwisho watasoma vifungu vinavyohusu maandalizi ya walimu na kuvilinganisha na mtaala wetu, kifungu kwa kifungu, mbele ya wahadhiri. Hati ya mwaka 1997, inayowahusu wanaofundisha elimu ya juu, tumeiweka kwa ajili ya kikao cha wahadhiri peke yao, nadhani kwa busara.

Tarehe 8 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Kisomo, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1966 na kuadhimishwa tangu mwaka uliofuata, imekabidhiwa idara ya elimu ya watu wazima, ambayo itafanya warsha ya kuandaa matini za wasomaji wapya. Tarehe 21 Februari, Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama, itakuwa na mjadala kuhusu lugha ya kufundishia katika madarasa ya awali. Tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, huangukia likizo yetu, hivyo mashindano ya uandishi wa insha yatafungwa mwezi Juni na matokeo yatatolewa siku yenyewe. Siku ya Kimataifa ya Elimu, tarehe 24 Januari, haikupata kazi mahususi kutoka idara yoyote, na kwa kigezo chetu imeachwa. Kuna waliosikitika.

Siku iliyotushangaza kwa utajiri wa kazi ni tarehe 4 Januari, Siku ya Breli Duniani, ambayo ndiyo siku aliyozaliwa Louis Braille mwaka 1809. Idara ya elimu maalumu ilikuja na mpango uliokamilika: kila mwalimu tarajali, wa somo lolote, ajifunze misingi ya mfumo huo wa nukta sita, ambao miunganiko yake 63 hutosha kuandika herufi, tarakimu na alama za uandishi, kisha aandike kichwa cha andalio lake la somo kwa nukta hizo. Mhadhiri wa idara hiyo, ambaye mwenyewe husoma kwa vidole, alisema kwamba hatarajii mtu awe fundi kwa siku moja. Anachotaka ni mwalimu ajue kwamba kuandika ubaoni na kusema “kama mnavyoona hapa” kunamwacha mtu nje. Kwa kuwa tarehe 4 Januari vyumba huwa vimefungwa, mafunzo yatafanyika juma la kwanza la muhula. Tumebaini pia kwamba chumba kilichopangwa kiko ghorofa ya pili bila lifti, basi kimebadilishwa.

Wiki ya saba na ya nane

Kamati ya kongamano hatimaye imetoa tarehe zake, na mada kuu ni upimaji wa darasani. Wito wa ikisiri, yaani muhtasari wa makala, umetolewa, ikisiri isizidi maneno 250, na kila moja itasomwa na wahakiki wawili wasiojua jina la mwandishi. Tumeshauri, na kamati imekubali, kwamba kuwe na kikao maalumu cha walimu wa shule ambacho hakitadai ikisiri ya kitaaluma: mwalimu ataleta jaribio alilowapa wanafunzi wake, maandishi ya wanafunzi yaliyofichwa majina, na maelezo ya alichojifunza kutokana na makosa yao.

Semina ya utangulizi wa kongamano imekwisha kufanyika, na nimehudhuria. Ilihusu utafiti wa Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa mwaka 2006, ambamo wanachuo walisoma matini, kisha baadhi yao wakairudia kuisoma na wengine wakajaribu kuikumbuka bila kuitazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya juma moja, waliojikumbusha ndio waliokuwa mbele. Mjadala ulikuwa mkali kuhusu maana yake kwa jaribio la kila Ijumaa: je, ni kipimo au ni sehemu ya kujifunza? Mwalimu tarajali mmoja aliuliza kwa nini basi majaribio yetu wenyewe chuoni huja mara moja tu katikati ya muhula. Hakujibiwa vizuri, na swali lake limeingizwa kama lilivyo katika jarida la mwezi huu.

Ratiba ya utetezi wa tasnifu nayo imeingia katika kalenda kwa mara ya kwanza. Vikao hivyo ni vya wazi kwa mujibu wa kanuni zetu, ila wachache hujua, na mtetezi hujikuta akiongea na jopo na mwenzi wake wa chumbani.

Wiki ya tisa

Kosa, na ni langu. Programu ya kalenda tuliyoichagua hutuma ukumbusho katika simu nusu saa kabla ya tukio. Warsha ya walimu walezi, yaani walimu wa shule wanaowalea walimu tarajali, ilikuwa saa mbili asubuhi. Niliijaza fomu kwa mkono wangu mwenyewe, nikaandika 2:00 kama ulimi wangu unavyosema, na programu ikaelewa kama inavyoelewa yenyewe. Simu za walimu walezi zaidi ya thelathini zikalia saa saba na nusu za usiku kuwajulisha kwamba warsha ya akili mnemba katika maandalizi ya somo inakaribia kuanza. Ujumbe wa kwanza wa malalamiko nilioupokea ulikuwa na neno moja tu: “Sasa?”

Nimeomba radhi kwa kila mmoja. Wote isipokuwa wawili walifika saa mbili asubuhi, baadhi wakiwa na macho mekundu, na warsha ilikwenda vizuri. Sehemu iliyopendwa zaidi ni ile ambapo walipewa maandalio matatu yaliyotungwa na mashine wakatakiwa kutafuta penye lengo lisilopimika. Kanuni mpya ni kwamba saa huandikwa kwa maneno pamoja na kipindi cha siku, jina la siku huandikwa pamoja na tarehe, na mtu wa pili huhakiki kabla ya kutuma. Fomu nayo imerekebishwa ili mtu achague saa kutoka katika orodha badala ya kuiandika.

Wiki ya kumi

Hali ilivyo sasa: kalenda moja inatumika, ofisi tatu kati ya nne zinaijaza zenyewe, na ya nne bado hututumia karatasi tukaijazia. Jarida limetoka mara mbili. Yanayofuata katika majuma matatu yajayo ni semina ya usimamizi wa darasa, safari hii kabla ya walimu tarajali kuondoka. Semina ya maandalizi ya somo kwa madarasa yenye wanafunzi wengi. Utetezi wa tasnifu mbili, moja ya saikolojia ya elimu na moja ya uongozi wa shule. Na kikao cha kuwagawia walimu tarajali wasimamizi wao. Baada ya hapo chuo kitapungua watu, na jarida la mwezi huo litatumwa kwa ujumbe mfupi wa simu kwa wale walioko mbali na mtandao.

Fomu ya kuleta habari inapitiwa upya kabla ya toleo la tatu. Tumeondoa sehemu ya majina ya wageni waalikwa na kuweka swali linalomtaka mletaji aeleze kitu kimoja ambacho msomaji anaweza kukijaribu darasani kesho. Swali hilo lilikuwa na mistari miwili ya kujibia. Wahadhiri wawili wameandika wakiomba iongezwe, na mmoja, ambaye hajawahi kutuletea habari yoyote, amegeuza karatasi na kuendelea nyuma.